Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kufundisha elimu ya anga darasani

Maswali haya nimeyapata kwa walimu wenzangu, wengi wa fizikia na jiografia, tangu nianze kusimamia klabu ya anga katika shule ya sekondari hapa Dar es Salaam. Mengine yanakuja kwa simu saa tatu usiku mwalimu akiwa uani anaangalia kitu kinachong'aa. (Mara nyingi ni sayari ya Zuhura, yaani Venus. Saa tatu ikishapita, huenda ni Mshtarii, yaani Jupiter.) Nimeyajibu kwa kadiri ninavyoyafanya mimi mwenyewe na wanafunzi wangu.

Shule yangu haina darubini, maabara yenyewe ni stoo. Nianze na nini?

Anza na nguzo ya bendera. Kama ukaguzi wa asubuhi hauruhusu watu kuizunguka, simamisha kijiti cha mita moja kwenye uwanja ulio sawasawa, ukihakikishe kwa timazi ya fundi mwashi. Kuanzia saa tano asubuhi hadi saa saba mchana, wanafunzi waweke alama ya chokaa kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika kumi. Kivuli kifupi kuliko vyote kinalala kwenye mstari wa kaskazini na kusini. Hapo umeshapata dira, na hujatumia shilingi.

Rudia zoezi hilo mara moja kila mwezi kwa mwaka mzima, kwa sababu utamu wake uko hapo. Kwa Dar es Salaam, kijiti cha mita moja kinatoa kivuli cha adhuhuri cha sentimita 30 hivi kuelekea kaskazini tarehe 21 Desemba, na cha sentimita 58 hivi kuelekea kusini tarehe 21 Juni. Kivuli kinahama upande! Katikati ya hapo kuna siku mbili ambazo hakipo kabisa: karibu tarehe 3 Machi na karibu tarehe 10 Oktoba, jua likiwa utosini. Kwa Nairobi ni karibu tarehe 17 Machi na 26 Septemba.

Mara ya kwanza tulipofanya hivyo tulisimamisha chupa ya soda juu ya meza. Kivuli kiliingia chini ya chupa kikaisha. Kijana mmoja wa kidato cha pili aliizunguka meza mara mbili, kisha akainama kuangalia chini yake, kana kwamba kuna mtu amekiiba.

Jiandae na swali la pili litakalofuata: mbona hilo halikutokea saa sita kamili? Mwezi Machi hapa Dar hutokea kama saa sita na dakika 35. Saa zetu zinafuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, nasi tupo 39, kwa hiyo jua linachelewa dakika 23. Dakika 12 zinazobaki zinatokana na njia ya dunia kulizunguka jua, ambayo si duara kamili, pamoja na mhimili wake ulioinama. Mwezi Oktoba mambo hayo hayo yanapunguza, na kivuli kinakwisha kama saa sita na dakika 10. Darasa la kidato cha kwanza lisitajiwe yote haya. Kidato cha nne waachie walipigie hesabu.

Niseme "falaki", "unajimu" au "astronomia"?

Mimi nasema elimu ya anga, au falaki nikiwa na watu wa pwani. "Unajimu" neno zuri la zamani, na kuna vitabu vinavyolitumia kwa maana ya sayansi hii, lakini mtaani mnajimu ni mtu wa kutazamia nyota. Ukibandika tangazo la "klabu ya unajimu", mzazi mmoja atakuja ofisini kwa mkuu wa shule kulalamika na mwingine atakuja kuulizia nyota ya mtoto wake. Yote mawili yamenipata katika wiki moja.

Mbona michoro na video za nje hazifanani na anga ninaloliona?

Ningependa kila mwalimu aulize swali hili. Nyenzo nyingi nzuri zimetengenezwa Ulaya na Marekani kwa watoto wa huko, na hilo si kosa lao. Kosa ni letu tunaponakili mchoro ubaoni bila kutoka nje kuuhakiki.

Chukua hilali. Kitabu kinauchora mwezi mchanga umesimama wima kama mundu. Mwaka mmoja nilichora hivyo hivyo, binti mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, jana ulikuwa umelala kama mtumbwi." Alikuwa sahihi kuliko mimi. Karibu na ikweta jua na mwezi huzama karibu wima kwenye upeo, hivyo upande unaoangazwa unatazama chini na pembe zinatazama juu. Kitabu kilikuwa sahihi kwa mtoto wa London. Tangu siku hiyo, somo la awamu za mwezi ninalianza kwa wanafunzi kuchora wanachokiona jioni saba mfululizo, ndipo tunafungua kitabu.

Mambo mengine ya kurekebisha ni haya. Nyota ya Kaskazini, inayotajwa katika kila kitabu cha mwanzo, haionekani Dar es Salaam wala Nairobi, ipo chini ya upeo. Misimu minne ya majira ya joto, majani kupukutika, baridi na maua haituhusu: sisi tuna masika, kipupwe, vuli na kiangazi, na sababu ya mvua zetu ni ule ukanda wa mawingu unaolifuata jua likivuka ikweta kwenda na kurudi. Chati za nyota za mviringo zinazouzwa nyingi ni za latitudo 40 au 50 kaskazini, kwa hiyo sehemu ya anga letu la kusini haimo.

Faida zetu, kwa upande mwingine, hazimo vitabuni. Mwezi Mei saa tatu usiku, simama uwanjani: Msalaba wa Kusini uko upande mmoja, na ukigeuka nyuma Dubu Mkubwa yuko upande wa pili. Mtoto wa London hauoni ule wa kwanza maisha yake yote asiposafiri. Hata saa za Kiswahili ni somo la falaki: tunahesabu kuanzia mapambazuko na machweo kwa sababu hapa mchana na usiku ni takriban sawa mwaka mzima. Mwambie mwanafunzi ajaribu kutumia "saa moja asubuhi" kule Norway mwezi Desemba, aone itamfikisha wapi.

Majina ya sayari kwa Kiswahili ni yapi hasa? Vitabu havipatani.

Kweli havipatani. Ninayotumia: Utaridi (wengine Zebaki), Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii, Zohali, Urano, Neptuni. Matano ya sayari zinazoonekana kwa macho yalikuja kwa njia ya Kiarabu, yakatumiwa na manahodha na waandishi wa kalenda kabla hakujawa na shule hizi. Urano iligunduliwa mwaka 1781 na Neptuni mwaka 1846, kwa hiyo hakuna jina la kale la kutafuta. Nimekutana na vitabu vinavyoweka Kausi au Sarateni kama majina ya sayari, ila asili yake hayo ni majina ya buruji, yaani makundi ya nyota, la upinde na la kaa. Chagua orodha moja, iandike ukutani, usibishane.

Sekondari za Tanzania zinafundisha kwa Kiingereza, basi andika majina ya lugha zote mbili sambamba. Kuna zawadi ndogo hapo: majina mengi ya nyota katika vitabu vya Kiingereza ni Kiarabu kilichopinda. Rigel ni mguu, Deneb ni mkia, Aldebaran ni afuataye, maana inakifuata kishada cha nyota kiitwacho Kilimia. Wanafunzi waliopita madrasa huyatambua mara moja, na siku hiyo wao ndio wanaofundisha.

Nitawaonyeshaje ukubwa wa mfumo wa jua?

Mpira wa miguu wa kawaida, namba 5, una kipenyo cha sentimita 22. Huo ndio jua. Dunia inakuwa milimita 2, yaani punje ndogo ya ulezi, ikiwa hatua zipatazo 24 za mita moja kutoka kwenye mpira. Mwezi ni nusu milimita, sentimita 6 kutoka kwenye punje. Mshtarii ni gololi kubwa ya sentimita 2.2, mita 123 kutoka mpirani, ambako kwa shule nyingi ni nje ya geti. Neptuni iko mita 710. Sisi Neptuni yetu ipo kwa muuza chipsi.

Mtu anayeshika ulezi asimame huku akiuangalia mpira: unaonekana mdogo kama jua linavyoonekana angani, kwa sababu uwiano ni uleule. Waache wakae kimya kidogo hapo. Kisha waulize nyota iliyo jirani, Proksima, iwekwe wapi. Watasema Kibaha, watasema Morogoro. Kwa kipimo hiki ni zaidi ya kilomita 6,300, yaani ukitoka Dar es Salaam unaipita Roma.

Bango la sayari nane zilizopangwa foleni kama abiria kituoni, lile linalobandikwa kila darasa, lina madhara kuliko faida. Lishushe, au liandike kwa kalamu nyekundu: "Si kwa kipimo."

Tumepata fedha kidogo. Tununue darubini gani?

Kwanza darubini ya macho mawili, ile ya 7x50 au 10x50. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa lenzi kwa milimita. Inaonyesha mashimo ya mwezi, Kilimia kikiwa na nyota nyingi, na miezi minne ya Mshtarii ukiegemeza viwiko ukutani. Haiharibiki upesi na wanafunzi hawahitaji mafunzo.

Ukitaka ya kusimama, epuka boksi lililoandikwa "inakuza mara 675" na picha ya galaksi ya rangi. Ukuzaji wenye maana hauzidi mara mbili ya upana wa lenzi kwa milimita: lenzi ya milimita 60 inaishia mara 120, na hapo hewa iwe tulivu. Shule moja ninayoifahamu ilinunua ya namna hiyo. Lenzi haikuwa mbaya, ila stendi ilikuwa ya bati jembamba. Ukigusa tu, Zohali inacheza taarabu kwa sekunde kumi. Ikaishia juu ya kabati. Yenye kioo cha milimita 130 au 150 iliyowekwa kwenye boksi la mbao linalozunguka chini ndiyo nzuri kwa shule, na hilo boksi fundi seremala wa mtaani analitengeneza.

Je, darubini inaweza kutengenezwa shuleni?

Inaweza, na mimi naipenda kuliko ya kununua. Tafuta miwani ya kusomea ya +2 kwa wale wauza miwani wa barabarani. Lenzi ya +2 ina urefu wa fokasi wa sentimita 50. Kwa jicho tumia kile kilenzi cha fundi saa kilichoandikwa 10x, ambacho fokasi yake ni sentimita 2.5. Gawanya 50 kwa 2.5, unapata ukuzaji wa mara 20. Galileo alikuwa na darubini ya ukuzaji kama huo mwezi Januari 1610 alipoiona miezi ya Mshtarii.

Bomba ni la plastiki la mafundi bomba, vipande viwili kimoja kiingie ndani ya kingine ili usogeze. Ndani paka rangi nyeusi isiyong'aa au viringisha karatasi nyeusi. Sasa kuna siri ambayo maelekezo mengi huiruka: mbele ya lenzi weka karatasi ngumu yenye tundu la sentimita 2 tu. Bila hiyo, lenzi ya miwani inatawanya rangi na mwezi unakuwa na ukungu wa zambarau. Mwanga unapungua, picha inakaa sawa. Itakuwa imepinduliwa juu chini, nalo ni swali la mtihani la bure.

Bandika karatasi kwenye bomba yenye maneno haya: USIANGALIE JUA. Darubini yoyote, hata hii ya miwani, inaunguza jicho kwa sekunde na jicho halisikii maumivu wakati linaungua.

Programu gani zinafaa pale intaneti ni ya kubahatisha?

Stellarium kwa kompyuta ni ya bure, na ukishaipakua haihitaji mtandao. Jambo la kwanza kabisa: weka mahali ulipo na majira ya saa. Nimeona darasa zima likisoma anga la Paris kwa sababu hakuna aliyebadilisha. Baada ya hapo unaweza kuwaonyesha mchana wa kidato chochote anga la usiku wa leo, kisha wakatoka jioni kuthibitisha.

Kwa fizikia, michezo ya kuigiza ya PhET kutoka Chuo Kikuu cha Colorado inaendeshwa bila mtandao ukishaihifadhi, na mingine imetafsiriwa kwa Kiswahili. Ule wa mvutano na njia za sayari unamruhusu mwanafunzi aongeze uzito wa jua aone dunia inavyoitikia. Kiwix inakuwezesha kubeba Wikipedia, pamoja na ile ya Kiswahili, kwenye flashi. Chapisha picha tatu nne kubwa uziweke ukutani kwa siku ambazo umeme haupo.

Mada ya anga kidato cha nne inaishia kwenye sayari. Nitaingizaje fizikia ya nyota?

Kwa kuuliza tunajuaje. Mwanafunzi hukariri kwamba uso wa jua una nyuzi joto elfu tano na zaidi. Nani alipeleka kipimajoto?

Anza kwa mhunzi au kwa mama lishe. Chuma kikipata moto kinakuwa chekundu, kisha rangi ya chungwa, kisha kinaelekea weupe. Rangi ni kipimajoto. Halafu toka nje mwezi Januari saa mbili usiku uangalie kundi la Jabari, lile lenye nyota tatu mstarini. Bega lake moja, Betelgeuse, ni jekundu, na mguu wake, Rigel, ni wa samawati. Macho matupu yanaona tofauti hiyo. Kanuni ya Wien inasema: gawanya 2,898,000 kwa joto la kelvini, unapata urefu wa wimbi unaong'aa zaidi, kwa nanomita. Jua lenye kelvini 5,772 linatoa 502, katikati ya mwanga tunaouona. Betelgeuse, kama 3,500, inatoa kama 830, nje ya upeo wa macho upande wa wekundu. Rigel, kama 12,000, inatoa 240 hivi, nje ya upeo upande wa pili. Hesabu tatu, na darasa limepima joto la nyota.

Kisha spektra, yaani mwanga uliotenganishwa rangi zake. Chukua boksi la viatu. Upande mmoja kata mwanya, uuzibe kwa nyembe mbili zikitazamana zikiacha upenyo mwembamba kama karatasi. Upande wa pili weka kipande cha CD kwa mshazari wa nyuzi 45 hivi, na tundu la kuchungulia juu yake. Elekeza kwenye balbu ya zamani: upinde kamili, hakuna pengo. Elekeza kwenye taa ya mirija: mistari iliyokatika, wa kijani na wa zambarau ikiwa mikali. Hiyo ni zebaki iliyomo ndani ya taa inajitaja jina. Nyunyizia chumvi kwenye moto wa jiko la gesi: mstari wa njano wa sodiamu. Mwanafunzi aliyeona mistari hiyo mwenyewe huhitaji kumshawishi kwamba heliamu ilitambuliwa kwenye mwanga wa jua mwaka 1868, miaka 27 kabla haijapatikana duniani.

Nyembe azishike mwalimu.

Sheria ya mraba kinyume nayo ni rahisi kwa simu janja yenye programu ya kupima mwanga. Tochi kwenye sentimita 25, andika. Kwenye sentimita 50, andika. Inabaki robo. Ukijua nyota inang'aa kiasi gani kwa asili yake, umeshapata umbali wake.

Kuna mfano wa hapa kwetu wa fizikia ya anga, au yote ni ya NASA na Ulaya?

Upo, na nashangaa haumo katika kila kitabu cha Afrika Mashariki. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini karibu na Malindi na kuendeshwa na Waitalia. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kutazama anga kwa eksirei peke yake. Ikapewa jina Uhuru. Orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339 vya eksirei. Vipimo vyake ndivyo vilivyoonyesha kwamba chanzo kiitwacho Cygnus X-1 kinapepesa kwa kasi mno, ishara ya kitu kidogo sana chenye uzito mkubwa. Leo kinahesabiwa kuwa shimo jeusi lenye uzito wa majua kama 21.

Sasa uliza darasa: kwa nini Malindi? Ikweta inazunguka kwa mita 465 kila sekunde, na roketi inayoelekea mashariki inachukua kasi hiyo bure. Hapo umeunganisha mwendo wa duara, mvutano, mionzi na historia katika vipindi viwili. Na eksirei hazipenyi hewa yetu, ndiyo maana ilibidi kupanda juu.

Nipo pwani. Bahari inanisaidia?

Sana. Bamvua na maji mafu ni somo la mwezi lililo tayari. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, jua na mwezi vinavuta kwenye mstari mmoja, na baada ya siku moja au mbili maji yanajaa sana na kutoka sana. Hapa kwetu tofauti inapita mita tatu. Mwezi ukiwa nusu, maji mafu. Kila siku maji yanachelewa kama dakika 50, kwa sababu mwezi nao umesogea.

Tulimwalika mzee mmoja mvuvi. Hakuja na daftari. Mwanafunzi alimtajia tarehe ya mwezi, yeye akamwambia maji yatajaa saa ngapi kesho, wakaenda kulinganisha na jedwali la bandari. Alikosea kwa dakika kumi na tano hivi, akasema jedwali ndilo limekosea.

Bara nako kuna Kilimia, lenye jina linalotokana na kulima. Wahenga walisema: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Wape wanafunzi kazi ya kukifuatilia: katikati ya Novemba kinachomoza jua likizama, Mei mwanzoni kinapotelea kwenye mwanga wa machweo, Juni kinarudi alfajiri. Waulize bibi na babu zao kilitumikaje kupanga shamba. Majibu yatatofautiana kati ya Mbeya na Tanga, na tofauti zenyewe zichorwe kwenye ramani.

Kupatwa kwa jua kukitokea, nifanyeje kwa usalama?

Beseni la maji halifai. Filamu ya eksirei ya hospitali haifai. Miwani ya jua, hata mitatu kwa pamoja, haifai. Miwani maalumu yenye alama ya ISO 12312-2 inafaa kama haijachubuka. Njia ya bei nafuu ni kulipa jua mgongo: chukua chujio lenye matundu, liache litupe mwanga kwenye karatasi nyeupe, na kila tundu litachora jua dogo lililomegwa. Chini ya mwembe majani hufanya kazi hiyo yenyewe.

Tarehe 1 Septemba 2016 watu walikusanyika Rujewa, Mbeya, kuona jua likibaki pete. Jingine la kujiandaa ni la Jumatatu tarehe 2 Agosti 2027: litapatwa kikamilifu Misri, kwa zaidi ya dakika sita karibu na Luxor, na sisi huku tutaona sehemu tu ikifunikwa, kubwa zaidi kadiri unavyokwenda kaskazini. Kwa mwezi, usiku wa tarehe 31 Desemba 2028 utapatwa wote mapema usiku, na huo hauhitaji miwani yoyote.

Wanafunzi wanaweza kufanya utafiti wa kweli?

Ndiyo. Mpango wa IASC huzipa shule bila malipo picha za darubini za Hawaii, nao wanafunzi hutafuta asteroidi, yaani mawe yanayolizunguka jua, zinazosogea kati ya picha moja na nyingine. Unahitaji kompyuta ya Windows na mtandao wa kupakua mara chache. Tovuti ya Zooniverse ina kazi nyingine, kwa mfano kuainisha galaksi, iliyoanza mwaka 2007. Waonye kuwa sehemu kubwa ya kazi inachosha. Kundi langu la kwanza lilikuwa na watu 14, lilimaliza na watano, na hao watano sikuwahi kuwakumbusha kufika.

Ziara ya mafunzo twende wapi?

Mkoa wa Songwe kuna Kimondo cha Mbozi, kipande cha chuma kutoka angani chenye urefu wa mita tatu hivi na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16. Karibu asilimia 90 ni chuma, kinachobaki karibu chote ni nikeli. Kabla ya safari wafundishe kwamba nyota kubwa huunguza elementi moja baada ya nyingine hadi kufika chuma, ambacho hakitoi tena nishati. Wakikigusa watajua wamegusa nini. Walio Nairobi waulizie Travelling Telescope, wanaopeleka darubini mashuleni.

Shule yetu ni ya kutwa. Usiku tunafanyaje?

Saa kumi na mbili na nusu hadi saa moja na nusu jioni, mara moja kwa mwezi, mwezi ukiwa na siku tano hadi nane. Barua kwa wazazi wiki moja kabla, mlinzi apewe taarifa, wanaokaa mbali wafuatwe na ndugu. Epuka masika, utavunjika moyo. Mengine wayafanye nyumbani na kuyaandika.

Sanduku la klabu yako lina nini?

Mpira namba 5 na kikopo cha ulezi. Kijiti, timazi, chokaa. Darubini ya macho mawili moja, za bomba tatu. Maboksi ya spektra manne, mawili yameliwa na panya. Mpira wa tenisi kwenye kijiti na balbu kwa awamu za mwezi. Chujio la jikoni. Tochi iliyofungwa karatasi nyekundu ya pipi ili macho yasipoteze giza. Daftari la kuandikia, penseli na si kalamu, kwa sababu umande unafuta wino. Na dawa ya mbu, ambayo huisha kabla ya kila kitu.